Mtoto katoroshwa, waziri anasema "hilo si langu": fumbo la ugatuzi wa Uingereza

Tuseme mbunge wa jimbo moja la Glasgow amepokea barua ya mama. Mumewe wa zamani aliomba wiki mbili za likizo na mtoto wao ng'ambo, mjini Lyon, Ufaransa. Wiki mbili zimekwisha, mtoto hajarudi, simu inaita tu. Mbunge anakwenda kwenye silaha ya kila mbunge: anaandika swali kwa Waziri wa Sheria jijini London, serikali inachukua hatua gani ili watoto wanaopelekwa au kuzuiliwa nje ya nchi na mzazi mmoja warudishwe upesi?

Siku chache baadaye jibu linatoka. Aya ya kwanza inasema serikali inalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa. Aya ya pili inaeleza kazi za kitengo kinachoshughulikia kesi hizo kwa England na Wales. Halafu mstari mmoja wa mwisho: kwa Scotland, hilo ni jambo la Serikali ya Scotland.

Mbunge ni wa Glasgow. Mama ni wa Glasgow. Katika jibu zima, wao wameambulia mstari mmoja.

Rahisi kusema waziri kakwepa. Wapo wanaokwepa, na mstari ule ni kichaka kizuri cha kujifichia. Lakini mara nyingi waziri anasema kweli tupu: kamba ambayo mbunge anataka aivute haimo mkononi mwake. Ili kujua kamba ipi iko kwa nani, itabidi tufungue mambo mawili yaliyofungwa pamoja, mkataba wa kimataifa kuhusu watoto na namna Uingereza ilivyogawa madaraka yake ndani ya nyumba.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ukisema "utekaji wa mtoto", msomaji wa Kiswahili anaona gari la vioo vyeusi na watu asiowajua. Hapa sivyo. Neno linalofaa ni kutorosha, na anayetorosha ni baba au mama mwenyewe. Takwimu za kesi za mkataba huo, zinazokusanywa The Hague, Uholanzi, zinaonyesha kuwa takriban robo tatu ya wanaoondoka na watoto ni akina mama, na wengi wao wanarudi kwao baada ya ndoa kuvunjika ugenini. Neno la pili ni Uingereza lenyewe. Kiswahili chetu kimeliweka jina moja juu ya vitu viwili: dola nzima, na ile sehemu yake kubwa ambayo wenyewe huiita England. Humu ndani, Uingereza ni dola nzima. England ni England. Nusu ya mkanganyiko wa habari hii hutokana na kuvichanganya hivyo viwili, na si sisi tu tunaovichanganya.

Mkataba wenyewe ulifikiwa The Hague tarehe 25 Oktoba 1980, na Uingereza ikaanza kuutumia tarehe 1 Agosti 1986. Nchi zaidi ya 100 zimo. Wazo lake ni jepesi kuliko sifa zake. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiondolewa katika nchi yenye makazi yake ya kawaida, au akizuiliwa asirudi, kinyume cha haki ya malezi ya mzazi mwingine, nchi aliyopelekwa inapaswa kumrudisha haraka. Mahakama ya huko haiulizi nani mzazi bora. Inauliza mtoto alikuwa anaishi wapi, nani alikuwa na haki gani, na kama kuna sababu nzito ya kutomrudisha, kwa mfano hatari kubwa kwa mtoto, au mtoto mwenye umri wa kutosha anapokataa. Kesi ya malezi yenyewe itasikilizwa nyumbani. Mkataba unataraji uamuzi ndani ya wiki 6. Zikipita, mwombaji anaweza kudai aelezwe sababu ya kuchelewa.

Ili mashine hii izunguke, kila nchi lazima iwe na ofisi moja ya kupokea na kutuma maombi, inayoitwa mamlaka kuu. Na hapa ndipo Ibara ya 6 ya mkataba inapoingia: nchi yenye mifumo zaidi ya mmoja wa sheria inaruhusiwa kuteua mamlaka kuu zaidi ya moja. Uingereza ni nchi ya namna hiyo tangu zamani. Scotland ilipoungana na England mwaka 1707 ilibaki na mahakama zake na sheria yake. Ireland Kaskazini nayo ina mahakama zake. Kwa hiyo, ndani ya dola moja iliyotia saini mara moja, kuna milango mitatu. Wa London ni wa England na Wales, chini ya Lodi Chansela, cheo ambacho siku hizi hushikwa na Waziri wa Sheria huyo huyo. Wa Edinburgh uko chini ya mawaziri wa Scotland. Wa Belfast uko chini ya huduma ya mahakama ya Ireland Kaskazini.

Kesi nazo zinafuata milango. Mtoto aliyeletwa Birmingham, ombi la kumrudisha linasikilizwa na Mahakama Kuu ya London. Aliyeletwa Aberdeen, linakwenda mahakama ya juu ya Scotland mjini Edinburgh. London kuna hata ofisa wa mahakama aitwaye Tipstaff, jina lililotokana na fimbo yenye ncha ya chuma waliyokuwa wakibeba watangulizi wake. Huyo ndiye anayetumwa kunyang'anya pasi na kumtafuta mtoto kwa amri ya jaji. Eneo lake ni England na Wales. Kule Scotland kazi ya kutekeleza amri ina watu wengine na majina mengine.

Msomaji wa Tanzania ana ufunguo ambao wengi London hawana. Anajua mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Mbunge kutoka Unguja akisimama Dodoma kuuliza lini zahanati ya mtaani kwake itapata daktari, anajua kabla hajakaa chini ataambiwa nini: afya si jambo la Muungano, nenda Baraza la Wawakilishi. Akiuliza kuhusu ubalozi, atajibiwa. Kwa watoto ni vivyo hivyo: Bara kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar kuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, lakini mambo ya nje ni ya Muungano. Kama Tanzania ingejiunga na Mkataba wa The Hague (haijajiunga), mtu angepaswa kuamua: mamlaka kuu moja Dodoma, au na nyingine Unguja? Ibara ya 6 ingeruhusu mbili. Nadhani mjadala huo ungekuwa mkali kuliko mjadala wa mkataba wenyewe.

Tofauti ni kwamba orodha ya Uingereza imeandikwa kinyumenyume. Sheria ya Scotland ya mwaka 1998 haikutaja kilichopelekwa Edinburgh. Ilitaja kilichobaki London, na kisichotajwa kikawa cha Edinburgh. Mambo ya nje yamebaki London. Ila sheria ile ikaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kutimiza na kutekeleza wajibu wa kimataifa hakukubaki London. Maana yake London inatia saini, Edinburgh inatekeleza kwa yale yaliyo yake. Mkataba wa 1980 umekaa katikati ya mstari huo kama mtu aliyesimama mguu mmoja ndani mmoja nje.

Tubadili mfano kidogo ili tuone mgawanyo huu ukiwa kazini. Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa ndege wa Glasgow. Baba kamshika mkono mtoto wa miaka 6, begi mgongoni, na mama ameamka kukuta kitanda kitupu. Nani ana nguvu ya kuwazuia?

Pasi ya mtoto ilitolewa na idara iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, London. Askari wa mpakani ni wa wizara hiyo hiyo. Mama akipiga simu polisi, atapokelewa na Polisi Scotland, jeshi lililoundwa tarehe 1 Aprili 2013, ambalo bosi wake wa kisiasa yuko Edinburgh. Amri ya kumkataza baba kumtoa mtoto Scotland inatoka kwa mahakama ya Scotland. Tahadhari ya kumzuia mtoto asipite uwanjani inaombwa na Polisi Scotland, lakini inapaswa kumfikia mtu wa London aliye mlangoni. Na kwa msomaji aliyezoea kupanga foleni ya uhamiaji Dar es Salaam au Nairobi wakati wa kutoka, hili litamshangaza: Uingereza hakuna dirisha la kugongewa muhuri unapoondoka. Pasi yako inakaguliwa na mfanyakazi wa shirika la ndege, naye hamjui mama wa mtoto wala hana habari ya kitanda kitupu. Kama tahadhari haijaingia kwenye mfumo, ndege inaruka.

Sasa jaribu kuandika swali moja la bunge litakaloyagusa hayo yote. Haiwezekani. Litajibiwa nusu na wizara moja, na nusu iliyobaki itasukumwa mbali.

Upande wa jinai ndio unaochanganya kuliko wote. Sheria ya Utoroshaji wa Watoto ya mwaka 1984 inasema kwamba England na Wales ni kosa kwa mzazi kumtoa nje ya Uingereza mtoto wa chini ya miaka 16 bila idhini inayotakiwa. Adhabu inafika miaka 7 jela. Lakini sheria hiyo hiyo, ikifika kifungu cha 6 kinachohusu Scotland, inabadilika sura: kule mzazi anatenda kosa iwapo tu kuna amri ya mahakama anayoivunja. Bila amri, anayebaki ni mzimu wa kale wa sheria za Scotland uitwao plagium, kosa la wizi wa mtoto mdogo, likimhesabu mtoto kama mali iliyoibwa. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha sijaota.

Na mama wa barua yetu? Mumewe hakumtoa mtoto kwa siri. Aliruhusiwa wiki mbili, kisha hakurudi. Kwa Mkataba wa The Hague, hilo ni kumzuilia mtoto isivyo haki, sawasawa na kumtorosha. Kwa sheria ya 1984, kuzuilia tu hakukuwamo, na mahakama ya London ilithibitisha hivyo mwaka 2012. Tume ya Sheria ya England na Wales ilipendekeza mwaka 2014 pengo hilo lizibwe. Kifungu cha kuliziba kiliingizwa katika muswada wa uhalifu na polisi uliowasilishwa mwaka 2025. Kifungu hicho, hata hivyo, hakikuandikwa kwa ajili ya Glasgow. Jinai ya Scotland ni ya Edinburgh. Mbunge wetu akimbana Waziri wa Sheria kuhusu pengo hilo kwa Scotland, kwa desturi waziri hashiki kalamu ya kulirekebisha bila Edinburgh kuridhia.

Tena kuna mtoto ambaye hayumo hata katika mkataba. Baba akimchukua London akampeleka Glasgow, hakutoka nje ya Uingereza. Kosa la 1984 halimgusi, maana linasema nje ya Uingereza. Mkataba wa The Hague haumgusi, maana ni wa nchi na nchi. Kumbe amevuka mpaka wa kisheria ulio halisi kabisa: jaji mwingine, sheria nyingine, wakili mwingine. Mpaka mwaka 1986 amri ya malezi ya upande mmoja haikuwa na njia ya kutekelezwa moja kwa moja upande wa pili. Sheria ya Familia ya mwaka huo ndiyo iliyoruhusu amri ya England kusajiliwa Scotland na kinyume chake, kisha itekelezwe kana kwamba imetolewa pale.

Wales, tuseme kwa kifupi, ni kiroja cha aina yake. Ina bunge lake Cardiff, na huduma ya ustawi inayoishauri mahakama kuhusu mtoto iko ndani ya serikali ya Wales. Lakini mahakama ni moja na England. Mbunge wa Cardiff akiuliza kuhusu kesi za mkataba, waziri wa London anajibu kwa kirefu. Akiuliza kuhusu ofisa ustawi aliyeongea na mtoto katika kesi ya kawaida ya malezi, anaambiwa aende Cardiff.

Turudi kwenye swali lenyewe. Bunge la Scotland lilipofunguliwa Julai 1999, spika na makarani wa London walijikuta na tatizo: wabunge wa Scotland waendelee kuuliza kuhusu shule na hospitali za Scotland? Tarehe 25 Oktoba 1999, miaka 19 kamili siku kwa siku baada ya Mkataba wa The Hague, Bunge la London lilipitisha azimio: maswali kuhusu mambo yaliyogatuliwa hayaruhusiwi. Kisha likaacha madirisha. Unaweza kuuliza iwapo jambo limo katika muswada ulio mbele ya Bunge la London. Unaweza kuuliza kuhusu makubaliano ya ushirikiano kati ya serikali ya London na ya Edinburgh. Unaweza kuuliza jambo ambalo mawaziri wa London wenyewe wamejiingiza rasmi. Na unaweza kumsukuma waziri achukue hatua pale alipobakiwa na mamlaka.

Mbunge stadi anaishi katika madirisha hayo. Haulizi "serikali inafanya nini kuhusu watoto waliotoroshwa Scotland". Anauliza waziri amezungumza mara ngapi na wenzake wa Edinburgh kuhusu utekelezaji wa Mkataba wa 1980, na walikubaliana nini. Hilo ni la waziri, hawezi kulitupa. Au anachukua kifungu cha 58 cha Sheria ya Scotland, kinachompa waziri wa London uwezo wa kuwaamuru mawaziri wa Scotland wachukue hatua inayohitajika kutimiza wajibu wa kimataifa, na kumuuliza kama amewahi kufikiria kukitumia. Karibu hakika atajibu hapana. Lakini hapana ile imeandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na mbunge ameonyesha kwamba kamba ipo.

Ujumla wa swali ndio unaoua. "Ni watoto wangapi wametoroshwa kutoka Uingereza?" linasikika kama swali la mtu mwenye uchungu na ni zawadi kwa waziri, kwa sababu daftari lake lina kesi zilizopita mlango wa London. Za Edinburgh ziko Edinburgh, na za Belfast ziko Belfast. Na ambazo mzazi hakupita mlango wowote, akaajiri wakili moja kwa moja au akakata tamaa, haziko popote.

Mpaka huu haulindwi na mila peke yake. Machi 2021 Bunge la Scotland lilipitisha, bila kura hata moja ya kupinga, muswada wa kuingiza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto katika sheria za Scotland. Mkataba huo London iliuridhia tangu mwaka 1991. Serikali ya London ikaenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza nzima ikasema baadhi ya vifungu vimevuka mpaka, kwa kuwa viligusa sheria zilizotungwa London. Ulirekebishwa, ukaanza kutumika tarehe 16 Julai 2024 ukiwa umepunguzwa makali. Hakuna aliyekuwa anabishana kwamba watoto wana haki. Ugomvi ulikuwa ni wa nani mwenye kuandika.

Tuseme sasa kwamba mtoto wa barua yetu hayuko Lyon bali Mombasa. Karibu kila tulichosema juu ya milango mitatu kinaanguka, kwa kuwa upande wa pili hakuna mlango. Kenya haimo katika Mkataba wa The Hague. Tanzania haimo, Uganda haimo, Oman haimo. Ombi la mamlaka kuu ya Edinburgh halina wa kulipokea. Mama atahitaji wakili Kenya, na mahakama ya Kenya itaangalia maslahi ya mtoto kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, bila sharti la kumrudisha kwanza na kuuliza baadaye. Ubalozi wa Uingereza Nairobi unaweza kumpa orodha ya mawakili na kujaribu kujua hali ya mtoto. Hauwezi kumchukua mtoto wala kumwamuru baba. Mtoto akiwa na uraia wa nchi zote mbili, hata huo msaada mdogo unabanwa.

Ajabu ni kwamba kwa mama ambaye mtoto wake yuko Mombasa, mbunge wetu aliye Bunge la London ana uwanja mpana kuliko kwa yule ambaye mtoto wake yuko Lyon. Ubalozi ni wa London. Mazungumzo na Nairobi ya kuishawishi ijiunge ni ya London. Nchi mpya ikijiunga, ni London inayoamua kuikubali, maana mkataba hautumiki kati ya nchi mbili mpaka iliyokuwamo imkubali mgeni. Wakati wa Umoja wa Ulaya hata hilo lilikuwa limeondoka: mahakama ya Umoja ilisema mwaka 2014 kwamba ukubali huo ni wa Umoja, si wa nchi moja moja. Brexit ilirudisha kalamu hiyo London, na waziri hawezi tena kuelekeza kidole Brussels.

Kwa hiyo mbunge anaandika upya. Swali la kwanza kwa Waziri wa Mambo ya Nje, kuhusu Kenya. La pili kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kuhusu tahadhari za viwanja vya ndege na namna polisi wa Scotland wanavyozifikisha. La tatu, lile la jinai na kuzuilia, analitoa kwenye bahasha na kuliweka kwenye bahasha nyingine ya kwenda Edinburgh, ambako mama huyo ana wawakilishi wanane: mmoja wa jimbo na saba wa kanda. Na mmoja wao akiwa na hamu ya kuongeza swali la nyongeza kuhusu Mombasa, waziri wa Scotland atasimama, atashukuru, na kusema mambo ya nje yako London.